Ugomvi Ulipokosa Nyumba Yake

Mwezi wa Mei mwaka 1909, Theodore Roosevelt alikuja Juja kuwinda. Alikuwa ameacha urais wa Marekani miezi miwili tu kabla ya hapo. Mwenyeji wake alikuwa William Northrup McMillan, tajiri kutoka St. Louis, ambaye nyumba yake ilisimama karibu na pale mto Ruiru unapoingia kwenye mto Nairobi. Katika kitabu chake cha safari, Roosevelt aliitengea Juja sura nzima yenye viboko na chui na starehe za pale nyumbani kwa mwenyeji. Vibarua wa McMillan walilala wapi, msomaji ajitafutie mwenyewe.

Mimi naweza kumwambia walikolala wale waliofuata, kwa maana nilizaliwa huko. McMillan alifariki mwaka 1925 akazikwa juu ya kilima cha Ol Donyo Sabuk. Nyanda hizi zikawa za mkonge. Ruiru na Thika walikuwa na kahawa, lakini huku kwetu tambarare ni kavu na jua ni kali, na mkonge hauulizi maji. Baba yangu alikata mkonge. Tuliishi kwenye laini, vyumba vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kama mabehewa, futi 10 kwa 10, na ukuta wa kati ulisimama kabla ya kufika kwenye mabati. Kitanda cha wazazi kilikuwa nyuma ya pazia. Sisi watoto tulilala upande wa jiko, juu ya magunia.

Tarehe ya mshahara baba alirudi usiku. Tulimjua kwa viatu. Mama naye tulimjua kwa kunyamaza kwake: akiacha kuimba, tulizima koroboi bila kuambiwa. Kisha ilianza ile ya posho, ya deni dukani, ya mjomba aliyekopeshwa, na mwisho kabisa ya karo. Hapo ndipo nilipolisikia jina langu.

Sikuandika haya ili niwasengenye marehemu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, na tangu 1996 nina ploti ya vyumba Gachororo, hatua chache kutoka chuo kikuu, ambapo wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi. Nimewaona wakija na kwenda. Kuna aina moja ya mwanafunzi ambayo kila mwaka hainikosi, kijana mwenye akili, mpole, anayelipa kodi mapema, na anayewaogopa watu kiasi cha kunitumia ujumbe wa simu kuniambia kufuli imeharibika ilhali mimi niko mlangoni pake nafagia. Nimekaa nao vya kutosha kujua kwamba wengi wao, si wote, wametoka kwenye nyumba ambazo baba na mama walikosana mbele yao. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda mambo ya kale, nikaanza kujiuliza zamani wazazi walikuwa wakigombania wapi.

Kwa Wakikuyu, watu wa nchi hii kabla ya mkonge, jibu liko kwenye ramani ya boma. Jomo Kenyatta aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1938, *Facing Mount Kenya*, na nyanya yangu alinieleza bila kitabu. Mume alikuwa na thingira yake, nyumba ya wanaume, ya wageni na mazungumzo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, yenye moto wake na watoto wake. Mvulana akitahiriwa aliacha kulala kwa mama. Kati ya thingira na nyumba kulikuwa na uwanja. Mtu aliyekasirika alilazimika kuuvuka huo uwanja, na wakati anauvuka alikuwa anaonekana.

Nisije nikaisifu zamani kupita kiasi. Wake walipigwa, na wazee waliokaa kuamua walikuwa wanaume watupu. Lakini mambo yalikuwa na njia yake. Mke aliyechoka alirudi kwa baba yake. Mume hakuweza kwenda kumbeba kama mzigo. Alifuata na wazee wake, akakaa kwa wakwe, akaulizwa, akajibu, na pombe ya muratina au mbuzi vikahusika kabla mke hajarudi. Nyanya alikuwa na kicheko maalum cha kusimulia jinsi babu alivyokaa kwenye kigoda cha wakwe tangu asubuhi hadi jua kuzama, akiulizwa swali lile lile na kila mzee kwa zamu. Watoto walijua kwamba mama ameondoka. Walijua pia amerudi, nani kamleta, na nini kililipwa. Walikula ile nyama.

Hapo ndipo ninapopaona mimi. Ugomvi ulikuwa na mwisho, na mwisho ule ulifanyika hadharani.

Kilichovunja boma hakikuwa kisomo, wala dini peke yake, ingawa wako wanaopenda kusema hivyo. Mama yangu alikuwa msichana wa miaka 14 serikali ya mkoloni, ikipigana na Mau Mau, ilipoanza kuwahamisha Wakikuyu kwa nguvu katikati ya mwaka 1954. Kufikia mwisho wa 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesukumwa kwenye vijiji 854, vyenye mahandaki, miti iliyochongwa na askari langoni. Nyumba zilipangwa kwa mstari, karibu karibu, zijengwe haraka. Nani angejenga thingira, na wanaume wako kwenye kambi za kizuizini za Manyani au Mackinnon Road? Mama alisema kwamba wanaume walipoanza kuachiliwa, walirudi kwenye kijumba kimoja kilichojengwa na mwanamke, chenye moto mmoja, na watoto ambao baadhi yao hawakumjua baba. Wengine walikuwa wameteswa. Wengine walikuta ndugu aliyekubali kuwa homgadi, askari wa upande wa serikali, amechukua shamba. Hasira yote hiyo ikaingia kwenye chumba kimoja, na wazee waliozoea kuisikiliza ama walikuwa wamekufa, ama walikuwa upande wa pili wa vita.

Watoto wa vijiji vile ndio waliokuja kuwa wazazi kwenye laini yetu.

Hata hivyo, laini ilikuwa na jambo moja jema, na nilichelewa sana kulielewa. Kwa sababu ukuta haukufika juu, kila mtu alisikia kila kitu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kikamba, chumba cha tatu kutoka kwetu, ambaye sauti zikizidi alichukua mwiko akagonga mabati: ko, ko, ko. Hakusema neno. Akigonga mara ya pili, nyapara alikuwa anaamka. Asubuhi yake, kwenye foleni ya maji, baba alisimama na debe, jambo ambalo siku nyingine hakulifanya, na wanawake wakamtania mpaka akacheka. Mama akicheka pia, sisi tulienda shule na miguu myepesi. Ilikuwa fedheha, lakini ilitufungia lile jambo mbele ya macho yetu.

Mkonge ulianguka bei nyuzi za plastiki zilipokuja. Mashamba yakakatwa, kampuni za kununua ardhi zikagawa vipande, na familia za laini zikatawanyika kwenda Makongeni na Kiandutu kule Thika, au Ruiru kwenye ploti za kupanga. Huko pia ni chumba kimoja, lakini cha mawe, na jirani ni mtu wa kutoka wilaya nyingine aliyefika jana na atakayehama mwezi ujao. Hagongi mabati. Anaongeza sauti ya redio.

Chuo nacho kilikuwa kimeanza. Mwaka 1977 Mzee Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi hapa Juja, Wajapani wakasaidia kujenga, na tarehe 4 Mei 1981 wanafunzi wa kwanza wakaingia kusomea kilimo na ufundi. Kilikuwa chuo kidogo cha diploma. Wanafunzi walilala ndani ya ua wa chuo, wakala pamoja, na sisi wa nje tuliwaona wakienda kupanda matatu kwa makundi. Mwaka 1988 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Desemba 1994 kikazinduliwa kama chuo kikuu kamili, ndicho JKUAT ya leo. Baadaye yakaja masomo ya kujilipia, na vitanda vya ndani havikutosha hata kidogo. Mwenye robo ekari akawa mwenye ploti. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, hata watu wa Nairobi walikuja kujenga ghorofa.

Vyumba vyangu ni 10, mstari mmoja, choo na bafu vya pamoja mwishoni, na mfereji mmoja katikati ya uwanja. Mtu aliyewahi kuishi laini akiviona atajua nilijifunza ujenzi wapi, tofauti ni kwamba ukuta wangu umefika juu. Miaka ya mwanzo, jioni, mfereji ulikuwa baraza. Maji yalikuja kwa zamu, mitungi ilipangwa foleni, na mgeni wa mwaka wa kwanza alilazimika kuuliza, "Nani wa mwisho?" Kwa swali hilo moja alikuwa ameshaongea na watu sita. Nimewaona vijana ambao walikuja wakitetemeka na kufikia muhula wa pili wanapigia kelele aliyeruka foleni.

Mmoja hakuuliza kamwe. Alikuwa msichana wa uhandisi, kutoka upande wa Mlima, na aliteka maji saa nane za usiku. Nilidhani ni masomo yanamfanya akeshe. Kisha mwezi mmoja chumba cha jirani kilipangwa na vijana wawili waliokuwa wakiishi kama mume na mke, na usiku mmoja wakagombana, mambo ya kawaida, simu ya nani imepigwa na nani. Nilitoka na tochi niwanyamazishe. Nikamkuta yule msichana amekaa kwenye kizingiti chake, amevaa viatu na kamba zimefungwa, begi la shule mgongoni, karatasi zake zote ndani. Nikamuuliza, "Unaenda wapi usiku huu, mama?" Akasema, "Siendi, mwalimu. Nasubiri waishe." Nikakaa naye. Akanieleza kwamba kwao yeye ndiye aliyekuwa akiwatoa wadogo zake nje, kwa hiyo tangu darasa la nne alilala na viatu karibu. Na walikuwa wakigombania nini? "Karo yangu," akasema, kama mtu anayetaja deni lake dukani.

Baadaye alinieleza jambo la pili ambalo nilikuwa nimeliona bila kulitambua. Darasani walitakiwa kusimama mmoja mmoja kueleza kazi zao. Akisimama na mhadhiri akakunja uso, hata kama ni jua tu la dirishani, alikuwa anasikia viatu vya baba yake. Alikosa alama kwa kutosimama, wala si kwa kutojua.

Wataalamu wana majina ya haya. Huko London mwaka 1966 madaktari Isaac Marks na Michael Gelder waliitenga hofu ya kuwa mbele za watu na hofu nyingine kama za wanyama, wakaona kwamba kwa kawaida huanza katika umri wa ujana. Mwaka 1980 Wamarekani waliiingiza rasmi kwenye kitabu chao cha maradhi ya akili. Kuhusu wazazi, kuna hoja mbili ambazo nimezisoma na zikanikaa. Moja ni ya John Grych na Frank Fincham, mwaka 1990: kwamba mtoto hasikii ugomvi kama redio, anautafsiri. Anajiuliza kama yuko hatarini, na kama yeye ndiye chanzo. Mtoto aliyesikia jina lake likitajwa pamoja na karo hana haja ya kutafuta jibu la swali la pili. Ya pili ni ya Patrick Davies na E. Mark Cummings, mwaka 1994, kwamba mtoto anajenga usalama wake juu ya uhusiano wa wazazi wake, na ukitikisika anakuwa mlinzi wa zamu, akichungulia nyuso na kupima sauti. Ukilinda zamu miaka kumi na mitano nyumbani, utaachaje ukifika kwenye ukumbi wa watu mia tatu?

Lakini lililonifanya niweke kitabu chini lilikuwa jaribio la Cummings na wenzake, lililochapishwa mwaka 1991. Waliwaonyesha watoto watu wazima wakigombana, na wakaona kwamba jinsi ugomvi ulivyoisha ilibadilisha sana jinsi mtoto alivyoumia. Uliosuluhishwa kabisa haukumsumbua sana. Ulioachwa ukining'inia ulimsumbua. Nyanya yangu, aliyetia kidole gumba mahali pa sahihi, angeuliza kwa nini walihitaji maabara.

Kuna wanaozaliwa waoga, hilo nalijua. Nilifundisha watoto ambao wazazi wao walipendana kama njiwa na bado walijificha nyuma ya mlango siku ya mashairi. Na wapo waliolelewa katikati ya masufuria yanayoruka ambao leo ni mawakili. Ninachokisema mimi ni kidogo: tumewapa wazazi wa sasa chumba cha kugombania, tukawanyang'anya mahali pa kupatania. Wakikosana usiku, mtoto yupo futi tatu kutoka hapo. Wakipatana, wanapatana kwa mpesa, au kitandani, au kwa baba kuleta nyama jioni bila kusema ni ya nini. Mtoto ameusikia ugomvi wote, upatano hajauona.

Mwaka 2020 uliniletea ushahidi hadi mlangoni. Kwa sababu ya korona, serikali iliagiza vyuo vikuu vifungwe ifikapo Ijumaa ya tarehe 20 Machi. Juja ilihama kwa siku tatu, magodoro juu ya matatu. Tarehe 6 Aprili kukatangazwa kufungwa kwa Nairobi na viunga vyake, mpaka wa upande wetu ukawa daraja la mto Chania pale Thika, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka hadi Julai. Baadhi ya wapangaji wangu walikuwa wamebaki. Wawili kati yao walikuwa na nauli na walikuwa na kwao. Mmoja aliniambia wazi, "Mwalimu, huku hakuna kitu, lakini kumetulia." Kodi tuliiacha. Tulikula githeri kutoka sufuria moja pale uwanjani, kila mtu na umbali wake.

Waliokwenda nyumbani ndio walionipigia simu. Masomo yaliletwa kwenye simu, na mwanafunzi anayesoma kwenye chumba cha pamoja akitakiwa kufungua kipaza sauti, darasa zima linasikia nyumba yake. Kijana mmoja alikataa kujibu jina lake muhula mzima, akawekwa kwenye orodha ya wasiohudhuria. Alikuwepo kila siku. Nyuma yake tu kulikuwa na mambo ambayo hakutaka wenzake wayajue. Aliporudi Juja alikuwa amekonda, na kwa wiki kadhaa aliteka maji usiku kama yule msichana wa uhandisi.

Msichana mwenyewe alimaliza. Siku ya mahafali baba na mama walikuja kwa matatu tofauti, na alikuwa amewapangia saa tofauti za kufika kwangu wasikutane kwenye uwanja wangu mdogo. Hesabu ilimharibikia kwa sababu ya msongamano pale Juja mjini, wakakutana hapo hapo kwenye mfereji. Walisalimiana kwa adabu. Nikawapa viti. Baba, mtu mrefu mwenye koti kubwa kuliko yeye, akamwambia mama, mbele yetu sote, kwamba ile karo ya mwaka wa pili ni yeye mama aliyeilipa na yeye baba alisema uongo. Mama akajibu, "Sawa, Baba Ciku." Ni hayo tu, na chai ikaendelea. Yule msichana alisimama akiwa ameshika joho lake, ana miaka 23, akiwatazama mdomo wazi.

Sasa kijana wangu anataka tubomoe. Amechora ghorofa nne, bedsita 40, kila moja na choo, bafu, sinki, tokeni yake ya stima na mita yake ya maji. Kodi ni kwa simu, lango linafunguka kwa kadi. Mpangaji anaweza kuishi miaka minne bila kumuuliza mtu nani wa mwisho. Ameniwekea hesabu mezani: vyumba 10 kwa shilingi 3,500 ni 35,000 kwa mwezi, bedsita 40 kwa 7,000 ni 280,000. Sina la kuipinga, nilimfundisha hesabu mimi mwenyewe. Nimemwambia abomoe, lakini aache mfereji mmoja uwanjani na benchi kando yake. Anasema mfereji wa nje unaleta bili isiyo na mwenyewe, na benchi itakula nafasi ya pikipiki mbili. Fundi anakuja Jumamosi kupima, na bado tunabishana, yeye na mimi, tukiwa tumekaa nje ambapo wapangaji wote wanatusikia.